Wasifukazi wa karani wa stoo: nini kibaki, nini kiondolewe?

Karani wa Kayole

Hamjambo, wanajukwaa. Ninaomba ushauri kuhusu wasifukazi wangu, hasa kutoka kwa wale ambao kazi yao ni kusoma maombi ya watu. Nilifanya kazi katika stoo ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi huko Industrial Area kuanzia mwaka wa 2016 hadi 2023, biashara ilipodorora na baadhi yetu tukapunguzwa. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata alama ya C. Tangu nilipoachishwa kazi nimekuwa nikienda Machakos kwa vipindi kumuuguza mama, na nikiwa Nairobi ninawawekea hesabu wenye maduka wawili wa mtaani kwetu. Ninatuma maombi kila tangazo linalonifaa linapotokea, lakini simu hailii.

Wasifukazi wenyewe una kurasa nne. Ukurasa wa kwanza una jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, na aya inayosema kwamba mimi ni mtu mwenye bidii anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Kazi ya stoo, ambayo ndiyo ninayoijua kuliko nyingine yoyote, inaanzia ukurasa wa tatu, na nimeieleza hivi: "Nilikuwa na jukumu la kupokea bidhaa, kutoa bidhaa, kuweka rekodi na majukumu mengine yoyote niliyopewa na msimamizi." Rafiki yangu mmoja ananiambia niupunguze uwe ukurasa mmoja, mwingine anasema kwamba mwajiri wa hapa akiona ukurasa mmoja atadhani sina lolote. Nimeambiwa pia niambatishe vyeti vya KRA (mamlaka ya kodi), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mwenendo mwema katika kila ombi, na kuvitafuta kunagharimu pesa na siku nzima za foleni. Zaidi ya hayo, sijui niseme nini kuhusu miaka hii ya karibuni, wala nimwandike nani kuwa mrejelewa wangu, yaani mtu wa kuulizwa kunihusu, kwa sababu meneja niliyekuwa chini yake alihama na hatuwasiliani tena.

Afisa wa Ajira, Upper Hill

Dada, nitaanza na sentensi hiyo ya stoo, kwa sababu nadhani hapo ndipo ombi lako linapokwama. Umenakili maelezo ya kazi jinsi yanavyoandikwa kwenye barua ya ajira, na karani yeyote wa stoo, awe hodari au mzembe, anaweza kuandika maneno hayo hayo bila kusema uongo. Anayesoma ombi lako anajua tayari kwamba stoo hupokea bidhaa na kuzitoa. Asichojua ni ukubwa wa stoo yako, mamlaka uliyokuwa nayo ndani yake, na namna mambo yalivyokwenda yalipokuwa mikononi mwako. Kwa hiyo keti na kalamu ujiulize: stoo ilikuwa na aina ngapi za bidhaa? Lori lilipofika, nani aliyetia sahihi hati ya kupokea mzigo, wewe au meneja? Mali ilihesabiwa kila baada ya muda gani, na nani aliyeongoza hesabu hiyo? Rekodi zilikuwa kwenye daftari, kwenye Excel au kwenye programu ya uhasibu? Nyaya zikipungua, nani aliyeitwa ofisini kueleza?

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba majibu yako yanazaa maneno haya: "Nilikagua na kupokea mizigo ya saruji, mabati na nyaya za umeme, nikilinganisha kila mzigo na hati ya ununuzi kabla ya kutia sahihi. Niliongoza hesabu ya mali ya kila mwezi kwa takriban aina 600 za bidhaa, na mwaka wa 2019 nilihamisha rekodi za stoo kutoka kwenye daftari hadi kwenye Excel." Hakuna sifa hata moja uliyojipa hapo, lakini msomaji ameshajua kwamba uliaminiwa na mali, kwamba unajua kukataa mzigo usiolingana na karatasi, na kwamba kompyuta haikutishi. Najua utaandika kwa Kiingereza, kama yalivyo matangazo mengi ya jijini. Hilo halibadilishi maswali ya kujiuliza. Tahadhari moja tu: usiandike tarakimu usiyoweza kuitetea. Ukisema ulipunguza upotevu wa mali kwa asilimia 30, nitakuuliza katika mahojiano upotevu ulikuwa kiasi gani hapo awali na ulipimwaje, na ukisitasita nitaanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Kuhusu urefu, mtu mwenye miaka saba ya kazi anahitaji kurasa mbili. Ukurasa mmoja ni desturi ya Marekani zaidi, na kwa kijana aliyetoka chuoni jana unatosha kabisa, ila kwako utakulazimisha ukate nyama badala ya mafuta. Kinachonihusu mimi zaidi ni mpangilio. Maombi yakiwa mengi, duru ya kwanza ya kuchuja ni ya haraka mno: ninatazama kama sifa za lazima zilizotajwa kwenye tangazo zipo, ninatazama kazi ya mwisho na tarehe zake, kisha ninaamua kama ombi litasomwa vizuri baadaye au la. Kwa hiyo juu kabisa weka jina, simu, barua pepe na mtaa unakoishi, ufuatishe mistari mitatu inayosema wewe ni nani kikazi, halafu kazi ya stoo ianze papo hapo. Elimu ifuate. Usiifute KCSE ingawa ni ya zamani, kwani matangazo mengi ya kwetu hutaja alama ya wastani inayotakiwa na mtu anayechuja huitafuta kwa macho. Shule ya msingi ndiyo isiyo na kazi hapo. Ikiwa wewe ni mwanachama wa KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi, weka hilo mahali panapoonekana, maana waajiri kadhaa huliweka kuwa sharti.

Dini, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho viondoe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa misingi ya mambo kama jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito au hali ya ndoa, na mimi kama mchujaji nisingependa hata kuyajua kabla ya kukuita. Kitambulisho kina hatari yake nyingine: wasifukazi hupita katika mikono mingi, na nambari hiyo ikiwa kando ya jina na simu yako inampa tapeli mahali pazuri pa kuanzia.

Miaka ya karibuni wala isikukoseshe usingizi. Kuwawekea hesabu wenye maduka wawili ni kazi, iwe ya mkataba au la. Iandike kama kazi nyingine, kuanzia 2023 hadi sasa, ueleze unachofanya: kurekodi mauzo, kulinganisha pesa za M-Pesa na risiti, kuagiza bidhaa zinazokaribia kwisha. Ugonjwa wa mama si jambo la kuweka kwenye wasifukazi. Ukiulizwa katika mahojiano utasema kwa sentensi moja kwamba ulikuwa na jukumu la kifamilia na kwamba sasa una nafasi ya kufanya kazi kikamilifu.

Mwenye Saiba, karibu na Tom Mboya Street

Niongezee upande wa faili lenyewe, kwa kuwa watu huniletea wasifukazi kila siku niuchape au niutume, na maneno mazuri huharibiwa na mambo madogo. Siku hizi wateja wengi wanataka mtindo wa safu mbili, wenye picha ya mtu pembeni, vialama vya simu na bahasha, na vipimo vya rangi vinavyodai kwamba Excel anaijua kwa nyota nne kati ya tano. Kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kupitia mifumo ya kompyuta inayonyofoa maneno kutoka kwenye faili kabla ya binadamu kuyaona, na safu hizo mbili huweza kuvurugana, tarehe za kazi zikaangukia katikati ya elimu. Kuna jaribio ambalo halihitaji mtaalamu: fungua PDF yako, chagua maandishi yote, yanakili, kisha yabandike kwenye Notepad. Yakitoka kwa mpangilio unaosomeka, uko salama. Yakitoka yamechanganyikana, au kukiwa na nafasi tupu mahali palipokuwa na nambari yako ya simu, rudi kwenye safu moja na maandishi ya kawaida.

Aya yako ya "mtu mwenye bidii" ninaifahamu vizuri, kwa sababu imo karibu katika kila wasifukazi unaopita kwenye kompyuta zangu. Mtu huchukua faili la rafiki, akabadilisha jina na shule, akaacha yaliyobaki. Nimewahi kumzuia mteja asitume ombi ambalo warejelewa wake walikuwa bado ni wa mwenye faili la awali! Andika mistari hiyo mitatu ya juu wewe mwenyewe, ukitaja stoo, miaka na aina ya bidhaa ulizoshughulikia, na hutafanana na mtu.

Faili lipe jina lako na nafasi unayoomba, lisiitwe "CV mpya ya mwisho 2". Anwani ya barua pepe iwe ya jina lako, na nambari ya simu iwe ile unayopokea. Wapo wanaoandika laini iliyokwisha kufungwa. Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti yako na ufute nakala za vyeti ulizopakua, hata kwangu. Na yeyote anayekuomba pesa kwa M-Pesa ili "faili lako lisonge mbele" si mwajiri.

Karani wa Kayole

Ninawashukuru nyote wawili. Nimefanya jaribio la Notepad na kweli nambari yangu ya simu imepotea, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kisanduku cha rangi. Nimeandika upya sehemu ya stoo hivi: "Nilipokea mizigo na kutia sahihi kwa niaba ya kampuni, niliongoza hesabu ya mali ya kila robo mwaka nikiwa na wasaidizi wawili, nilitayarisha ripoti ya bidhaa zilizopungua na kuipeleka kwa mhasibu kila Ijumaa." Tarakimu ya upotevu sina, kwa hiyo sikuiweka. Bado ninasumbuliwa na vyeti na warejelewa. Je, nikituma bila vyeti vya KRA na HELB sitaonekana kama niliyefanya ombi nusu nusu?

Mzee wa Leba

Binti yangu, nilishughulikia masuala ya wafanyakazi kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na hili la vyeti huwaumiza vijana bure. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022, na marekebisho hayo yanasema kwamba mwajiri haruhusiwi kudai vyeti vya uidhinishaji isipokuwa awe anakusudia kuingia katika mkataba wa maandishi na mtu huyo. Maana yake ni kwamba vyeti hivyo ni vya hatua ya mwisho, ukishachaguliwa, si vya mamia ya watu wanaoomba. Katika kazi za serikali na za kaunti utaona tangazo likitaja Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na uadilifu, pamoja na vyeti vya KRA, HELB, EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na vinginevyo. Huko soma tangazo kwa makini ufuate linavyosema, kwa sababu kubishana na tangazo hakukupatii kazi. Kwa kampuni za kibinafsi, tuma wasifukazi na barua peke yake isipokuwa umeambiwa vingine. Cheti cha KRA kina muda wa mwaka mmoja tu, hivyo ukikitafuta mapema mno huenda kikaisha kabla hujaitwa popote.

Kuna karatasi moja ambayo hukuitaja na ambayo ina thamani kubwa kwako kuliko hizo zote, nayo ni cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokwisha, mradi alifanya kazi kwa muda usiopungua wiki nne mfululizo. Kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, siku uliyoacha, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia. Hakisemi kama ulikuwa mzuri au mbaya, na mwajiri halazimiki kukusifu, lakini kukupa cheti analazimika. Kama hukupewa, andika barua ya heshima kwa kampuni, si kwa meneja aliyehama, ukiitaka. Wakikaa kimya, nenda ofisi ya leba. Na ikiwa kampuni yenyewe imefungwa, taarifa yako ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha mwajiri aliyekuwa akikuchangia, na fomu za kodi za P9 za kila mwaka zinathibitisha hivyo hivyo.

Ninasisitiza tarehe kwa sababu uthibitishaji umekuwa mkali. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi wa umma vilipatikana kuwa ghushi. Tangu hapo waajiri wengi wanapiga simu na kuandikia vyuo kuuliza. Ikiwa uliacha kazi Machi 2023, usiandike Desemba ili pengo lipungue.

Msimamizi wa Ghala, Mombasa Road

Mimi ndimi ninayewaajiri makarani wa aina yako, na ninaafikiana na mengi yaliyosemwa, ila ningependa kumpinga Afisa kwa jambo moja. Yeye ameona mistari mitatu ya utangulizi ni muhimu, mimi huiruka. Macho yangu huenda moja kwa moja kwenye kazi ya mwisho, na hapo ninatafuta neno linalohusu bidhaa. Mtu aliyehesabu misumari kwa kilo na nyaya kwa mita anaelewa vipimo ambavyo mtu wa stoo ya dawa au ya nguo atahitaji kufundishwa. Kwa hiyo sentensi yako mpya ni nzuri sana, lakini umeondoa saruji, mabati na nyaya ambazo Afisa alikuwekea kwenye mfano. Rudisha bidhaa. Mtaa unakoishi ninaufurahia pia, kwa sababu zamu yetu ya kwanza huanza alfajiri na ninataka kujua kama utafika.

Kuhusu warejelewa, ninapopiga simu sitafuti cheo kikubwa. Ninauliza mambo machache: ulifanya naye kazi gani, aliwahi kuachwa peke yake na funguo, na ungemchukua tena kama ungeweza? Mhasibu aliyepokea ripoti yako kila Ijumaa anaweza kunijibu vizuri kuliko meneja mkuu aliyekuona kwenye sherehe ya Krismasi. Kwa hiyo mtafute huyo. Mmoja wa wenye maduka unaowawekea hesabu sasa anafaa kuwa wa pili. Mchungaji mwache, isipokuwa tangazo limemtaka. Kisha, kabla ya kuandika jina la mtu yeyote, mpigie umwombe ruhusa na umweleze ni kazi gani unayoomba. Huwa ninampata mrejelewa anayeniuliza "Nani?" mara mbili, na simu hiyo humharibia mwombaji hata kama hana kosa.

Afisa wa Ajira, Upper Hill

Msimamizi ana haki ya kuiruka mistari hiyo, lakini hapokei maombi mabichi. Yanamfikia baada ya mtu kama mimi kuyachuja, na mimi sijui tofauti ya kilo na mita za nyaya. Mistari hiyo mitatu ndiyo inayoniambia nimpelekee yeye. Andikia wasomaji wote wawili.

Jambo ambalo sikulisema: usiwe na wasifukazi mmoja wa kutuma kila mahali. Weka faili kuu lenye kila kitu, hata liwe la kurasa nne, na kila tangazo likitoka toa humo yanayohusika. Tangazo likitumia maneno "udhibiti wa mali" nawe ulikuwa ukiyaita "kazi za stoo", tumia maneno yao pale yanapokuwa ya kweli. Ghala la vyakula litavutiwa na tarehe za mwisho za matumizi na utaratibu wa kutoa kwanza kilichoingia kwanza, ambao bila shaka uliufuata kwenye saruji. Kampuni ya ujenzi itataka kusikia kuhusu mafundi waliokuja kuchukua vifaa na jinsi ulivyohakikisha wanatia sahihi.

Karani wa Kayole

Nimempata mhasibu, na amekubali. Cheti cha utumishi nimeandika barua ya kukiomba. Nina maswali mawili ya mwisho. Barua ya kuomba kazi niiambatishe au niiandike ndani ya barua pepe? Na niandike mshahara ninaotarajia?

Mwenye Saiba, karibu na Tom Mboya Street

Fuata tangazo kwanza. Likinyamaza, andika mistari minne au mitano ndani ya barua pepe yenyewe, kisha ambatisha PDF moja yenye barua ikifuatwa na wasifukazi, ili visitenganishwe vikichapishwa. Nambari ya rejea ya tangazo iwe kwenye kichwa cha barua pepe, jinsi ilivyoandikwa.

Msimamizi wa Ghala, Mombasa Road

Mshahara usiutaje mpaka uulizwe. Ukiulizwa, toa kiwango cha chini na cha juu, na useme wazi kwamba ni kabla ya makato. Kodi ya mapato ya PAYE na mchango wa NSSF zikiondolewa, pamoja na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kinachofika benki ni kingine kabisa, na tumewahi kuwapoteza watu wazuri siku ya kutia sahihi kwa sababu wao walizungumzia pesa za mkononi na sisi tulizungumzia jumla.